Gari la Harusi Halizimwi

Wiki iliyopita tulimwacha Tseng Hsiu-man kwenye ngazi ya mwisho ya nyumba yake, kavaa gauni jekundu la mama wa bibi harusi, mkononi kashika saa ya kuhesabia sekunde. Barua zenu nimezisoma. Mmenilaumu kwamba nilikatisha pabaya. Sasa mlitaka nikatishe wapi?

Saa ilikuwa imefika dakika mbili na sekunde hamsini na tano. Magari sita meusi ya harusi yalikuwa yananguruma katika kichochoro chembamba, na nyuma ya dirisha la chini Bibi Yeh, jirani yake mzee, alikuwa akigonga kioo kwa upawa.

Sekunde tano zikapita. Kugonga kukakoma.

Kwa aliyejiunga nasi leo, Hsiu-man ni mkaguzi wa idara ya mazingira ya jiji la Kaohsiung. Kazi yake ni kuwatoza faini wenye magari wanaosimama huku injini inanguruma zaidi ya dakika tatu. Miaka kumi na moja hajamsamehe mtu, si teksi, si basi la watalii, si lori la hekalu lililobeba mungu. Mtaa mzima wa Fengshan unamwita Mama Dakika Tatu.

Na leo anamwoza mwanawe wa pekee, Pei-jung. Magari yale sita ni ya bwana harusi, na gari la harusi, kila dereva anajua, halizimwi. Injini ikizimwa njiani, ndoa nayo imezimwa.

Hsiu-man alikwenda moja kwa moja kwenye gari la mwisho. Bomba lake la moshi lilikuwa hatua moja tu kutoka dirisha la Bibi Yeh, na kioo kilikuwa kimeshageuka kijivu.

"A-Kuei, zima."

A-Kuei, dereva wa miaka hamsini na ushee, shavu limejaa tambuu, akashusha kioo cha gari.

"Mama Dakika Tatu! Leo si umevaa dhahabu? Pumzika basi, mama."

"Zima. Umepitisha."

"Dada yangu, nikizima mimi, kesho sina basi la kuendesha. Tajiri kasema atakayezima arudi kwa miguu. Halafu wewe si ndiye mama mkwe? Unataka kuzima harusi ya mwanao?"

"Kuna mgonjwa wa mapafu nyuma ya dirisha hili."

A-Kuei akageuka kutazama. Kicheko kikamwisha. "Mbona hawakutuambia?" Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha injini, ukasita hapo hapo. Kuna mtu alikuwa amemwona nyuma ya Hsiu-man.

"Kiguse, A-Kuei. Kiguse halafu usije gereji kesho."

Alikuwa Bi Shih mwenyewe, mama wa bwana harusi, ndani ya suti ya rangi ya dhahabu, chini ya kwapa mwavuli mrefu mweusi uliokunjwa. Wasomaji wa tangu mwanzo mnamjua: mabasi arobaini ya watalii, na faini sita kutoka mkono wa Hsiu-man. Wanawake hawa wawili wangekutana mahakamani kama watoto wao hawangependana kwanza.

"Mkwe," alisema kwa tabasamu la kupiga picha, "nasikia una saa. Na mimi ninayo. Yangu inasema saa mbili na dakika ishirini. Saa njema ya kumtoa binti ni saa tatu kamili. Mtazama nyota aliiandika kwenye karatasi nyekundu, nawe ukaipokea kwa mikono miwili."

"Kwa nini mmekuja mapema hivi?"

"Foleni. Ungependa tuchelewe?"

"Basi zimeni mpaka saa tatu kasoro."

"Gari la harusi?" Bi Shih aliangua kicheko, akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Madereva wakajichekesha. "Jamani, mmemsikia mkwe wangu?"

"Basi yakazunguke barabara kubwa, yarudi saa tatu."

"Yaje kumchukua bibi harusi, yaondoke matupu? Hilo hata adui yangu simwombei."

"Mama Tseng!" Sauti ilitoka mlango wa chini. "Mama Tseng, njoo!"

Aliyeita alikuwa Sulastri, mwanamke wa Kiindonesia anayemhudumia Bibi Yeh. Hsiu-man alimpita Bi Shih bila kumjibu, akaingia.

Ndani kulikuwa kama gereji. Sulastri alikuwa ameziba nyufa za dirisha kwa taulo zilizoloweshwa, lakini moshi haukujali. Bibi Yeh alikuwa amekaa kitini, mpira wa oksijeni puani, upawa mapajani, midomo imekuwa ya zambarau.

"Mashine ya oksijeni inavuta hewa ya humu humu ndani," Sulastri alisema haraka haraka. "Nikiiacha inamletea moshi. Nikiizima hana pumzi. Nifanye lipi? Niite gari la wagonjwa?"

"Thubutu!" Bibi Yeh alimshika kiganja. Neno lile moja lilimgharimu pumzi tatu. "King'ora mlangoni pa bibi harusi? Mnataka kumtia mkosi mtoto wangu?"

"Bibi, una hali mbaya," Hsiu-man alisema.

"Nilikuwa nagonga... wasogee kidogo tu. Sulastri alitoka kuwaomba wale wa mbele, wakakataa. Basi. Dakika arobaini nitazimudu."

"Huzimudu."

"Nilimbeba Pei-jung hana hata jino. Wewe ukiwa kazini, nani alikuwa anamlisha uji? Nishindwe dakika arobaini?" Alikohoa, kikohozi kikavu kisichokwisha, halafu akainua kidole. "Asijue. Akijua atashuka, nami namfahamu. Niahidi."

Hsiu-man hakuahidi. Yeye na Sulastri walimbeba mpaka jikoni, nyuma kabisa, wakachomeka mashine karibu na sufuria ya wali, wakaweka taulo chini ya mlango. Jikoni hakukuwa na dirisha. Moshi ulikuwa umeshafika huko lakini ulikuwa kidogo, na Hsiu-man akajiambia kwamba kidogo si kitu. Miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia madereva kinyume chake.

Alipotoka nje tena alikuwa na kalamu na kitabu cha faini. Ndiyo, kwenye mkoba wa harusi! Mwanamke huyu hata msibani anakwenda nacho.

Alianza na gari la mbele lenye maua. Aliandika tarehe, akaandika mtaa, akainama kusoma namba.

"Unaona nini hiki?" Bi Shih alikuwa amemsogelea, ameunyanyua ule mwavuli.

"Mwavuli."

"Mvua inanyesha?"

Hsiu-man hakuhitaji kutazama juu. Ilikuwa asubuhi ya baridi kavu, anga la rangi ya majivu, na bendera ya hewa kwenye shule ya jirani ilikuwa ya zambarau kwa siku ya tatu mfululizo, maana yake watoto wasicheze nje.

"Binti asiye na kitu tumboni," Bi Shih alisema polepole, "anatolewa mlangoni mpaka garini amefunikwa kwa ungo. Wewe ulifunikwa ungo. Mimi nilifunikwa ungo. Sasa niulize, mkwe, kwa nini leo nimekuja na mwavuli."

Kalamu ilisimama.

Kila mama wa Fengshan angeelewa. Mwenye mimba hafunikwi ungo, eti ungo unamtisha mtoto. Mwenye mimba anafunikwa mwavuli mweusi.

"Unasema uongo."

"Muulize mwanao, yuko ngazi mbili tu juu yako. Sisi kwetu tunajua tangu mwezi wa kumi." Bi Shih aligonga kitabu cha faini kwa ukucha mrefu. "Sasa andika. Mbona huandiki? Andika, mimi nageuza macho, vijana wanazima, na kila mtu anarudi kwake. Mjukuu utamlea kichochoroni humu humu peke yako, kama ulivyomlea mama yake. Si una uzoefu?"

Mume wa Hsiu-man alimwacha wakati Pei-jung ana miezi minane, na mtaa haukumsahaulisha hata siku moja. Aliyajua macho ya watu sokoni. Alimjua binti anayerudi shule analia kwa sababu ya fomu yenye nafasi ya jina la baba.

Akafunga kitabu. Akatia kalamu mfukoni. Akabonyeza saa yake ikarudi sifuri.

"Sasa tunaelewana," Bi Shih alisema.

Wiki nane nimemtetea mwanamke huyu mbele yenu. Mlipomwita roho ngumu, nilisema ana haki. Leo simtetei. Alijua moshi unafanya nini, alijua kuliko mtu yeyote pale, na bado akapanda ngazi akaiacha injini inanguruma nyuma yake. Ila saa ilikuwa imerudi sifuri mkononi tu, kichwani hesabu ya dakika iliendelea. Saba. Nane.

Pei-jung alikuwa amekaa mbele ya kioo ndani ya shela jeupe, midomo imepakwa rangi, macho yamechoka.

"Ni kweli?" Hsiu-man aliuliza.

Pei-jung hakuuliza kweli nini. Aliweka kiganja tumboni. "Wiki kumi na mbili."

"Mama mkwe wako anajua, mimi sijui."

"Ting-yao ndiye alimwambia. Ting-yao anamwambia mama yake hata alichokula mchana."

"Na wewe mama yako?"

"Wewe ungenitoza faini."

Pei-jung alijaribu kucheka. Hsiu-man hakucheka. Alipiga magoti sakafuni, gauni na kila kitu, akakilaza kichwa chake kwenye mapaja ya mwanawe. Alimpenda binti huyu mpaka ilimuuma kifuani. Dakika kumi na mbili, kichwa kilisema. Kumi na tatu.

"Mama, harufu gani hii? Tangu wafike, roho yote inanichafuka."

"Magari."

"Bado yanawaka? Na hujayatoza?" Pei-jung alimwinua uso kwa mikono miwili. "Wewe? Mama, wewe ulitoka nje ukamtoza faini daktari wangu wa meno, mimi nimekaa kitini mdomo wazi!"

"Leo ni siku yako."

"Ala! Kumbe unajua kusamehe?" Alitabasamu, halafu tabasamu likaganda. "Dirisha la Bibi Yeh liko pale pale wanapoegesha. Yuko wapi?"

"Tumemhamishia jikoni."

"Yuko vipi?"

"Salama. Anakusalimu."

Hsiu-man alisema hivyo bila kupepesa jicho. Pei-jung akamwamini, kwa sababu katika miaka ishirini na tisa mama yake hakuwahi kumdanganya. Alimpa hata mkoba wake amshikie. Walikaa hivyo kitandani, bega kwa bega, wakingoja saa tatu, na Hsiu-man akimtengeneza nywele ambazo hazikuhitaji kutengenezwa.

Kumi na tisa.

Miguu ikapanda ngazi mbio. Sulastri aliingia bila kubisha hodi, amelowa maji mpaka viwikoni.

"Bibi kaanguka! Hanijibu! Nimepiga simu, aliniambia nisipige lakini nimepiga, anifukuze tu, nimepiga!"

Pei-jung alikuwa amesimama kabla Sulastri hajamaliza.

"Pei-jung, usishuke!" Hsiu-man alipaza sauti. "Saa haijafika, mguu wako usiguse nje!"

Alishika shela. Shela likachanika ubavuni, na Pei-jung akashuka nalo hivyo hivyo.

Kule nje Bi Shih alimwona bibi harusi anatoka mlangoni kichwa wazi chini ya anga, akapiga yowe. "Mfunikeni! Jamani, mfunikeni, mbingu zisimwone!" Aliufungua mwavuli, akaanza kumkimbilia na viatu virefu, mwavuli ukanasa kwenye kioo cha pembeni cha gari la tatu.

Pei-jung alikuwa ameshafika gari la mbele. Ting-yao alikuwa amekaa nyuma, tai imekaa sawa, shada la maua magotini.

"Ting-yao, waambie wazime."

"Pei-jung! Mbona umetoka?"

"Bibi Yeh kaanguka kwa moshi wenu. Waambie wazime."

Ting-yao si mtu mbaya. Niliwaambia hivyo sehemu ya kwanza na sijabadili. Lakini alipofungua mdomo hakumtazama Pei-jung, alimtazama mama yake anayehangaika na mwavuli.

"Zimebaki dakika ishirini tu, mpenzi. Ngoja mama afike, tumuulize."

Pei-jung alimwangalia kwa muda mrefu kiasi cha mtu kusoma ukurasa mzima. Halafu akafungua mlango wa dereva, akajipenyeza juu ya mapaja ya dereva aliyepigwa na butwaa, akabonyeza kitufe.

Injini ikafa.

Akaenda gari la pili. Akafungua, akabonyeza. La tatu hakulifikia, kwa sababu kule nyuma A-Kuei alikuwa amelizima la kwake mwenyewe, na waliobaki wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu akikwepa macho ya tajiri. Kichochoro kikawa kimya. Kimya kile kikaleta sauti ambayo hawakuwa wameisikia asubuhi nzima, mashine ya oksijeni ikivuma jikoni peke yake.

Ishirini na mbili.

"Ameizima mwenyewe," Bi Shih alisema, anahema. "Mashahidi wote mko hapa. Bibi harusi ameizima kwa mkono wake."

"Ndiyo, mama," Pei-jung alisema. "Kwa mkono wangu."

King'ora kililia mdomoni mwa kichochoro, kikanyamaza. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama nyuma ya msafara wa harusi. Wahudumu wawili walikuja kwa miguu, machela juu ya vichwa, migongo yao ikisugua ukuta.

Walimtoa Bibi Yeh amelala, mdogo kuliko alivyoonekana akiwa kitini. Macho yalikuwa wazi nusu. Mpira mwingine ulikuwa umewekwa usoni, na mhudumu mmoja alikuwa akiuminya kwa mkono, bila kusimama.

"Amevuta moshi kwa muda gani?" aliuliza mwenzake.

Bi Shih akajishughulisha na kukunja mwavuli wake.

"Jamani, nauliza. Daktari ataniuliza mimi."

"Dakika chache," Bi Shih alisema.

"Chache ngapi? Tatu? Kumi? Kwa umri huu kuna tofauti."

Sulastri alitikisa kichwa, analia. "Nilikuwa naloweka taulo. Sikutazama saa."

Hsiu-man alikuwa amesimama mlangoni, kipande cha shela bado mkononi. Angeweza kukaa kimya. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Alimtazama yule mzee kwenye machela, aliyemlisha mwanawe uji, na mdomo wake ukasema wenyewe.

"Dakika ishirini na mbili."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika. Ni kazi yangu."

Mhudumu akaandika kwenye glavu yake kwa kalamu. Pei-jung aligeuka polepole.

"Ulikuwa unahesabu?"

Hsiu-man akakikunja kile kipande cha shela kiganjani.

"Mama. Nakuuliza. Ulipokuwa unanitengeneza nywele, ulikuwa unahesabu?"

"Pei-jung, yeye mwenyewe aliniambia usijue. Nilifikiri juu yako. Nilifikiri juu ya mtoto. Kwa ajili yako mimi..."

"Usiseme kwa ajili yangu!" Sauti ilimpasuka. "Usithubutu kusema kwa ajili yangu. Umeniambia yuko salama. Umeniambia ananisalimu!"

Madirisha ya ghorofa za juu yalikuwa yamefunguka. Mtaa wote ulikuwa unasikia, na kwa mara ya kwanza Hsiu-man hakujali mtaa unasema nini.

"Ndugu mmoja tu ndiye anaruhusiwa," mhudumu alisema. "Nani?"

"Mimi," alisema Hsiu-man.

"Mimi," alisema Pei-jung.

"Wewe nani wake?" mhudumu alimuuliza Pei-jung.

"Mjukuu wake." Hawakuwa na hata tone moja la damu pamoja, na hakuna mtu katika kichochoro kile aliyembishia. Kisha akamgeukia mama yake, na sasa hakupaza sauti. "Wewe baki na wakwe zako."

Alilikusanya shela kwa mikono miwili, akafuata machela akijibana kati ya magari na ukuta. Alipofika mwisho wa kichochoro, ubavu mzima wa shela ulikuwa mweusi kwa masizi. Ting-yao alikuwa amefungua mlango wa gari na kutoa mguu mmoja nje. Mguu ule ulikaa hapo hapo, juu ya lami, mpaka king'ora kilipopotea.

Hsiu-man aliendelea kutazama mahali pasipo na mtu.

Sekunde chache baadaye askari wa kituo cha mtaa akafika na pikipiki yake, maana ukiita gari la wagonjwa na yeye hupata taarifa. Aliegesha, akazima mara moja kwa adabu, akatoa daftari.

Bi Shih aliuona ule mwendo wa askari, akamshika Hsiu-man mkono kwa upole kama shoga yake wa miaka mingi.

"Mkwe, nisikilize," alimnong'oneza. "Bado hatujaharibikiwa. Saa njema haijapita. Akikuuliza, sema dakika tatu."

"Nimeshasema ishirini na mbili."

"Kwa watu walioondoka, katika makelele. Watu husikia vibaya. Sema tatu, na magari yangu yatasubiri hapa mpaka mwanao arudi, hata kama ni kesho, na mtoto wake atazaliwa na jina la ukoo. Mbele yako naapa." Vidole vyake vikakaza. "Sema ishirini na mbili, na mimi nitamwambia askari huyu kwamba mkaguzi wa jiji alikuwepo tangu dakika ya tatu, kitabu kiko wazi, na akakifunga mwenyewe. Yule mzee akifa, tutajua kafa mikononi mwa nani."

Askari alikuwa ameshawafikia. Alimtambua Hsiu-man, uso ukamng'aa.

"Aa, Mama Dakika Tatu! Leo kazi yangu rahisi. Nikisikia kwako sihitaji kumuuliza mtu mwingine." Alilamba kidole, akafungua ukurasa mpya. "Haya, mama. Injini ziliwaka dakika ngapi?"

Hsiu-man akafungua mdomo.